Karafuu Haipigi Kura: Khabari za Majimbo Yetu Zilizoanzia Kariakoo



Wako watakaoshangaa kuona katika jarida hili, ambalo kazi yake ni khabari za kuchuma, kuanika na bei, makala juu ya majimbo ya uchaguzi. Na watazidi kushangaa wakisikia kwamba makala yenyewe ilianzia Dar es Salaam, katika duka la Mtaa wa Congo, Kariakoo. Nawaomba mnivumilie. Jambo lenyewe latuhusu kuliko tunavyodhani, na tukilinyamazia litaamuliwa na wengine hali sisi tungali juu ya mikarafuu.

Nilikwenda kununua mizani. Mizani ya tawi letu imechoka, na kila msimu huzuka maneno baina ya mwenye shamba na wachumaji, huyu akidai kupunjwa na yule akiapa kwamba hakumpunja mtu. Kamati ikaamua itafutwe nyingine, nikatumwa mimi. Nikapanda boti Mkoani, nikalala Unguja kwa jamaa, na asubuhi nikavuka.

Kariakoo wengi wenu mnaijua, na asiyeijua ana mtoto, ndugu au mkwe aliyepo huko. Jina lake ni la vita. Wajerumani walianza kujenga soko mahali pale kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, waliokuwa wakiitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Lile soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na Julai 2021 moto ukaliunguza. Lakini Kariakoo si jengo moja. Ni mitaa: Congo, Msimbazi, Swahili, Mkunguni, Tandamti, na kila mtaa una bidhaa zake na kelele zake. Mtu wa shamba akisimama katikati ya njia kutazama ghorofa, mkokoteni humpitia miguuni.

Mwenye duka nililoelekezwa alikuwa kijana wa kwetu. Nasema kijana, lakini ndevu zake zimekwisha kuingia mvi. Aliponisikia natamka akacheka, akaniuliza, "Ami, umetoka Pemba lini?" Akaniwekea kiti, akaagiza kahawa, na mizani ikasahauliwa kwa muda. Nje ya mlango wake mama mmoja alikuwa akiuza viungo kwa mafungu: hiliki, mdalasini, pilipili manga, na karafuu zetu, punje chache katika kijikaratasi cha nailoni. Nikaichukua moja nikaibonyeza kwa ukucha. Mafuta yalikuwa haba. Zilikuwa zimekaa sana. Nikairudisha, nikanyamaza.

Mazungumzo yakaangukia uchaguzi. Akaniuliza, "Ami, huko kwetu tuna wabunge wangapi wa majimbo?"

Nikamwambia kumi na wanane.

"Na Dar es Salaam nzima?"

Sikujua. Akanijibu mwenyewe: yalikuwa majimbo kumi, na kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 yakaongezwa Kivule na Chamazi, yakawa kumi na mawili. Kisha akavuta ile mashine yake ya hesabu, ile anayowapigia wateja bei, akaanza kubonyeza. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ukiwagawa kwa majimbo kumi na mawili, mbunge mmoja anapata watu wapatao 448,000. Mikoa yetu miwili ya Pemba ilikuwa na watu 543,441. Ukiwagawa kwa kumi na wanane, mbunge mmoja anapata watu wapatao 30,000.

Akaigeuza ile mashine niione, akasema, "Unaona, ami? Mimi hapa napiga kura Ilala. Ndugu yangu aliyebaki shamba kura yake moja ni sawa na kura zangu kumi na tano." Kisha akacheka tena. "Basi mbona bei ya karafuu haikupanda mara kumi na tano?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua mizani, nikaagana naye, na njia nzima ya bahari nikawa nalitafuta jibu hilo. Nimeuliza wenye kujua, nimesoma Katiba zote mbili, ile ya Muungano na ile ya Zanzibar, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue kwa nini majimbo yetu ni mengi kule Dodoma. Katika uchaguzi wa mwaka 2025 majimbo ya Tanzania yalikuwa 272, na katika hayo Zanzibar ilikuwa na 50. Watu wa Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ni 1,889,773 katika watu 61,741,120 wa nchi nzima, yaani kama watatu katika kila mia. Viti vyetu ni zaidi ya kumi na nane katika kila mia. Jambo hili huwaudhi baadhi ya wenzetu wa Bara, na mimi siwalaumu, kwani ukilitazama kwa hesabu ya vichwa tu halieleweki. Lakini Muungano wa mwaka 1964 ulikuwa wa nchi mbili, wala haukuwa wa vichwa. Mdogo akiungana na mkubwa, asipopewa uzito wa ziada humezwa.

Wala si sisi peke yetu. Huko Kanada kiko kisiwa kiitwacho Prince Edward Island, ambacho watu wake ni wakulima wa mbatata na wavuvi. Mwaka 2021 walihesabiwa watu 154,331, nao wana wabunge wanne katika Bunge la nchi yao, wakati ambapo mbunge wa miji mikubwa huko huwa na watu zaidi ya laki moja peke yake. Wana sheria tangu mwaka 1915 kwamba hakuna jimbo la shirikisho litakalokuwa na wabunge pungufu ya maseneta wake. Kwa hiyo wale watu wa mbatata na sisi watu wa karafuu, katika jambo hili, tumekaa jamvi moja.

Sasa twende kwenye swali la kijana wa Kariakoo. Kiti ni kimoja, na kazi ya kiti ni nyingine. Mbunge tunayempeleka Dodoma anakaa katika Bunge lenye mamlaka juu ya mambo ya Muungano na mambo ya Bara. Mambo ya Muungano yameorodheshwa mwishoni mwa Katiba: ulinzi, polisi, uraia, mambo ya nje, sarafu na benki, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, bandari, posta, elimu ya juu, na mengine. Isome orodha hiyo juu hadi chini. Hutaiona karafuu. Kilimo chetu hakimo. Karafuu ni jambo la Zanzibar, na sheria zake hutungwa na Baraza la Wawakilishi. Sheria ya karafuu ya mwaka 2014 ilipita huko, na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo tangu mwaka 1968 ndilo linunualo karafuu zetu, liko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ule uamuzi uliotangazwa wakati wa Dk. Ali Mohamed Shein, kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, ulikuwa uamuzi wa Unguja. Dodoma haikuwa na neno ndani yake.

Hapa sharti nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma, katika mkutano wa kampeni, nilisimama mbele ya watu nikamwuliza mgombea mmoja wa ubunge atatufanyia nini juu ya bei ya karafuu na juu ya makato ya daraja. Nilisema kwa ukali, na watu wakanipigia makofi. Yule bwana akajibu kwa maneno matamu kwamba atalishughulikia. Akashinda, akaenda zake, na miaka mitano nilikuwa nikimsema kila barazani kuwa ni mwongo. Leo nafahamu kwamba yeye alikosa kwa kuahidi asichokuwa nacho, na mimi nilikosa kwa kumwomba. Mgombea wa uwakilishi alikuwa amekaa papo hapo jukwaani, kiti cha tatu, amefumbata mikono, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kitu.

Mtu wa Kariakoo akienda kituoni hupewa karatasi tatu: ya Rais wa Muungano, ya mbunge na ya diwani. Sisi hupewa tano, kwani tunaye pia Rais wa Zanzibar na tunaye mwakilishi. Tano ni nyingi, na nimeona watu wakizikunja zote kwa pamoja kama mtu anayefunga mafungu ya mchicha. Lakini karafuu imo katika mbili tu kati ya hizo: ile ya Rais wa Zanzibar na ile ya mwakilishi.

Je, mbunge hana maana kwetu? La, hasha. Yako mambo yanayotuhusu ambayo hayapatikani ila kwake. Mfano mkubwa ni forodha. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Zanzibar wamelalamika kwamba bidhaa iliyokwisha kulipiwa ushuru Unguja hutozwa tena, au hutozwa tofauti, ikifika bandari ya Dar es Salaam. Khabari hiyo utaikuta kila duka la mtu wa kwetu pale Kariakoo, na ni jambo la Muungano moja kwa moja. Fedha ya karafuu haikai Pemba. Ikitoka mkononi mwa mkulima huenda dukani, na mwenye duka huipeleka Kariakoo kununua mabati, vitambaa na vyombo. Ikiwa njia baina ya Kariakoo na visiwani ina miiba, mkulima naye huchomwa, ingawa hajawahi kuiona bandari. Hilo ndilo la kumwuliza mbunge, na kumwuliza kwa ukali.

Tena yapo mambo ya Katiba yanayohitaji kura za wabunge wa pande mbili, theluthi mbili ya wale wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Hapo wale wachache wetu huwa na nguvu ambayo hesabu ya vichwa haiwezi kuwapa.

Basi hilo ndilo jibu la kwanza. Lakini nilipokuwa nalitafuta nikakuta jingine ambalo silo nililolitafuta, na ndilo lililoniondolea usingizi.

Nimesema karafuu huamuliwa katika Baraza la Wawakilishi. Je, huko tuko wangapi? Majimbo ya Zanzibar ni yale yale 50, na Pemba ina 18. Huko hakuna uzito wa Muungano wa kutubeba. Huko ni sisi kwa sisi, Pemba na Unguja, na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ndiyo ikatayo mipaka, na jambo la kwanza inalolitazama ni idadi ya watu.

Tazameni sasa. Sensa ya mwaka 1958 ilikuta Pemba watu 133,858 katika watu 299,111 wa Zanzibar, yaani 45 katika kila mia. Uchaguzi wa Julai 1963 ulipofanywa kwa viti 31, Pemba ilikuwa na 14, sawa kabisa na hesabu yake. Wazee wanaukumbuka uchaguzi ule kwa sababu nyingine: ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama 54 katika mia, ikapata viti 13, na ZNP na ZPPP wakapata 18 wakaunda serikali. Kura za ASP zilikuwa zimelundikana Ng'ambo na baadhi ya mashamba ya Unguja, na za wenzao zilikuwa zimetawanyika vizuri katika majimbo, khasa ya huku kwetu. Miaka miwili kabla, Januari 1961, kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Mtu mmoja tu. Sifungui vidonda, nataka kuonyesha kwamba mpaka wa jimbo si mstari wa karatasi, bali ni jambo lililokwisha kuitikisa nchi hii.

Na majimbo yale ya Pemba yalijaa watu kwa sababu ya nini? Kwa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kikaiacha ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka kisiwani kwetu. Mti ulimweka mtu. Mwenye mikarafuu hamsini hakuwa tajiri, lakini hakuwa na haja ya kuhama.

Kisha Indonesia, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa sigara zake, ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na katika miaka ya 1980 na 1990 bei ikaanguka kama nazi. Yule kijana wa Mtaa wa Congo alinisimulia. Baba yake alikuwa na shamba zuri. Msimu mmoja walichuma, wakaanika, wakauza, na walipokwisha kuwalipa wachumaji hakikubaki cha kununulia sare za skuli. Yeye akiwa na miaka kumi na saba akapanda jahazi. Alianza kwa kuuza soksi begani, Msimbazi. Leo ana duka na wafanyakazi watatu, na watoto wake wote wamezaliwa Dar es Salaam. Nilimwuliza kama atarudi. Akanijibu, "Narudi kila Idi, ami." Na mfano wake ni mwingi: Fuoni wamo, Mombasa wamo, Muscat wamo.

Matokeo yake yako katika sensa. Mwaka 2002 Pemba ilikuwa na watu 362,166, kama 37 katika kila mia ya Zanzibar. Mwaka 2012 ilikuwa na 406,848, kama 31. Mwaka 2022, kama nilivyosema, 543,441, na hao ni chini ya 29 katika mia. Pemba haikupungua watu. Imezaa, na imezaa vizuri. Lakini Unguja imeongezeka upesi zaidi, na Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake sasa una watu 893,169. Humo wamo wengi wa kwetu.

Na viti vikafuata watu. Mpaka uchaguzi wa mwaka 2000 Pemba ilikuwa na majimbo 21. Kabla ya ule wa 2005 yakapunguzwa yakawa 18, na matatu yakahamia Unguja. Palikuwa na kelele nyingi wakati ule, na kila upande ukawa na maelezo yake. Mwaka 2015 majimbo yote ya Zanzibar yaliongezwa yakafika 54, na mwaka 2020 yakarudishwa 50. Mara zote mbili Pemba ilibaki na 18. Sasa chukua kalamu. Asilimia 29 ya majimbo 50 ni kama 14. Mipaka itakapopitiwa tena, ikiwa hesabu itakuwa ya vichwa tu, yako majimbo manne ya Pemba ambayo hayana pa kusimama.

Mimi si mtu wa Tume, wala sisemi kwamba hilo litatokea. Sheria inaruhusu kutazama pia jiografia na njia za mawasiliano, na wakaazi wa visiwa vidogo kama Kojani wana hoja hapo. Lakini hoja isiyopelekwa haihesabiwi.

Na hapa tunafanana na Kariakoo, jambo ambalo sikulitazamia. Kariakoo mchana ina umati usioweza kuhesabika, na usiku hubaki walinzi na paka. Ushuru mkubwa hukusanywa pale, lakini jimbo la Ilala halikatwi kwa ushuru wala kwa wingi wa maduka. Hukatwa kwa wale walalao. Sisi nasi msimu ukiwa mzuri mashamba hujaa wachumaji, watu hupiga dago wiki kadhaa, na mabonde yanavuma. Kisha wanakwenda zao, na karani wa sensa akija anakuta mzee, bibi na wajukuu. Gunia la karafuu laweza kuleta fedha za kigeni za nchi nzima, lakini halipigi kura, wala halihesabiwi kuwa mtu.

Wengine watasema tuwaambie vijana warudi waandikishwe kwetu. Sikubaliani nao. Sheria inataka mpiga kura wa Zanzibar awe mkaazi wa jimbo lake, na ndivyo inavyopasa. Mtu anayelala Kariakoo na apige kura Kariakoo. Kumleta kwa boti siku moja ili ajaze daftari ni hila, na sisi tumekwisha kuonja hila za uchaguzi za kutosha. Njia iliyo nyoofu ni ndefu zaidi: kijana apate sababu ya kulala Pemba. Hapo tunarudi kwenye kazi yetu, yaani miche ya kupandwa badala ya mikarafuu iliyozeeka, makonyo yasitupwe hali kiwanda cha mafuta kipo Wawi, na bei. Na bei, kama tulivyokwisha kuona, huulizwa kwa mwakilishi.

Kamati imekubali kwamba katika mikutano ya matawi ya kabla ya vuli maswali ya wanachama yaandikwe katika daftari mbili. Moja ni ya mwakilishi: bei, madaraja, mikopo ya msimu, miche, barabara za mashamba. Ya pili ni ya mbunge: forodha, bandari, benki, kodi. Makatibu wa matawi waandike na jina la shehia. Kadhalika yaandikwe maoni juu ya mipaka ya majimbo, ili Tume itakapoita maoni yetu yawe tayari, na yawe na hesabu ndani yake badala ya manung'uniko matupu.

Kuhusu mizani: imefika salama, inapima hadi kilo 100, na imekwisha kulinganishwa na ile ya kituo cha ununuzi. Iko kwa katibu. Atakayeihitaji aje na gunia lake asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na mchumaji wake awepo.